Mizani ya Kibirizi

Kaka Ntakije amenitumia picha kumi na moja
za kijiji anakoosha sufuria:
mlima mweupe hadi kwenye nyusi,
nyumba za mbao zimejikunyata kama kuku wa mvua,
na barabara isiyo na hata alama ya tairi.
"Huku gari ni marufuku, dada.
Mtoto wa miaka minne anatumwa mkate
na anarudi na chenji.
Njoo na wanao Desemba. Nusu ya nauli ni yangu."

Mimi ni mtu wa mizani.
Mwaka wa kumi na tatu napima dagaa hapa Kibirizi,
nakijua kidole cha mnunuzi kinavyoegemea sahani
kama hakina habari.
Basi na safari hii nikaitundika.

Upande wa kwanza:
shule ya kuteleza, wanaanza wana miaka mitatu,
vifaranga wenye kofia ngumu, wameshikana mikono;
treni yenye meno, inapanda huku ikiuma reli;
farasi wa kubeba mizigo ya wageni, njuga shingoni;
na Bukuru wangu, aliyekoswa na bodaboda mara mbili
pale Mwanga, pacha wake akishuhudia,
akikimbia bila mimi kulipasua jina lake kwa kelele.
Hilo la mwisho lilishusha sahani kwa kishindo.

Upande wa pili:
makoti. Matatu, na langu la nne.
Viatu vya kukodi kwa siku,
utadhani kila mguu una bei yake.
Sahani moja ya viazi na jibini
(nilihesabu kwa dagaa, faranga sizielewi)
ni debe zima, tena debe la giza,
mbalamwezi haijaja kupandisha bei.
Ukija na chapati zako, anasema Ntakije,
hakuna wa kukukataza.
Watakutazama tu.

Nyanzira alikuwa anachambua kokoto kwenye dagaa.
"Kwani Mwamgongo kwa bibi kuna magari?"

Nikacheka. Kisha nikaacha.

Mwamgongo hakuna gari wala pa kulipitisha,
mlima umeliinamia ziwa, boti ndiyo mlango.
Mtoto anatumwa chumvi asubuhi
anarudi jioni na chumvi,
na mgebuka ambao hakutumwa.
Hakuna aliyewahi kututoza kiingilio kwa ukimya ule.

Ila sikuweza kuupima ukimya peke yake.
Ulikuja na usiku wa Zabida, mdogo wangu,
uchungu tangu magharibi,
ziwa limechafuka, nahodha amegoma,
sisi na machela, miti miwili na kitenge,
tunapanda mlima kuitafuta barabara.
Kulikucha bado tunapanda.
Tulishuka na mtoto.
Tulimwita Nyanzira, yaani wa njiani,
na mimi ndiye anayeniita mama.

Kule, anasema Ntakije, ukivunjika mguu
helikopta inafika chai haijapoa.
Wamelikataa gari wakiwa nalo.
Jambo hilo sikujua niliweke sahani ipi,
nikabaki nalo mkononi kama jiwe la kilo
lililosagika ukingo.

"Theluji ina uzito gani?"
Nikamwomba Mzee Gwasa wa barafu kipande.
Kilo mbili na robo.
Alikibandika kiganja hadi kikawa kinaingia ganzi,
hakukitoa.
Maji yalinidondokea miguuni,
mama wa Kasulu akanung'unikia gunia lake,
nikampimia, nikamrudishia chenji yake,
na nilipogeuka mshale ulikuwa umepanda
hadi kwenye kilo mbili, na unaendelea.
"Imepungua," Nyanzira akasema, "na hatujaila."

Usiku nilimwandikia Ntakije.
Nilifuta mara nyingi.
Kuhusu mapacha, bado napima.
Niulizie bei ya koti moja,
mtoto wa miaka tisa,
mikono iwe mirefu kidogo. Anakua.