Kwata ya Mstaafu

Miaka ishirini na sita niliwahesabia wengine miguu.
Kushoto, kulia, kushoto, we mrefu wa nyuma, kulia!
Makuruta wa Masindi walikuwa wakiiota sauti yangu
na kuamka wamesimama.
Sasa nimestaafu, naishi Namakwekwe, chini ya Wanale,
na kitu cha mpira, cheusi kama mkia wa mjusi,
kinanihesabia mimi.

Binti yangu Khainza alikileta kutoka Kampala
baada ya daktari kulitamka neno sukari
kama hakimu anayesoma hukumu.
“Hatua elfu nane kwa siku, Baba. Kikitetemeka, inuka.”
Nikacheka. Tangu lini sajini akaamrishwa na kitu kinachotetemeka?

Siku ya kwanza: elfu moja mia tisa na tatu.
Aibu niliyokuwa nikiwagawia wengine
ikarudi nyumbani, ikaketi nami mezani.

Basi nikabadilika, wala sikujua kwamba nabadilika.
Chumvi siinunui tena kwa Wamimbi, hapa mlangoni;
naifuata hadi mjini, nyuma ya stendi, robo kilo,
na kesho yake nakifuata kiberiti.
Nilimwacha Gidudu na bodaboda yake.
Akadhani tumegombana,
akaja na mkewe na kuku mmoja
kuomba radhi kwa kosa asilolijua.
Usiku, zikibaki hatua mia nne,
naizunguka meza kama mbuzi wa kamba.
Nambozo ananitazama juu ya miwani, anakunja shuka:
“Ukifika huko uendako, niambie kulikuwaje.”

Nimeiba pia, nakiri.
Siku za mvua nilikaa kitini nikitikisa mkono,
mia mbili, mia tatu, haramu tupu.
Kuruta angenifanyia hivyo, angelala uwanjani.
Na siku chaji ilipokwisha nikiwa nusu ya kilima
nilisimama, nikajiuliza niendelee kwa faida gani,
kana kwamba mlima usioandikwa haupandiki.

Kisha akafa Wepukhulu, koplo wangu,
aliyepiga ngoma nami nikapiga kelele.
Gari lilinasa kwenye tope chini ya Busano,
tukambeba wenyewe begani, wazee sita,
mkono wangu wa kushoto umelishika jeneza,
umenyooka, hautikisiki,
migomba huku, kahawa huku, wanawake wakiimba nyuma.
Tulikwenda mwendo wa pole, ule mgumu kuufundisha kuliko wote:
goti lisiharakie,
mguu usitue kabla ya moyo.
Saa nzima tulipanda.
Na pale palipo na jiwe, tulipobadilishana mabega,
kitu kile kikatetemeka kwenye ubao, trrr,
karibu kabisa na sikio lake.
Nikainua macho, nikasoma:
Umekaa mno. Inuka, tembea kidogo.

Kwa nukta moja nilidhani kinamwambia yeye.

Nikangoja.
Nawaambia kweli, nilingoja.

Jioni, matope bado kwenye suruali, nikatazama:
safari yote ile, hatua mia sita na kumi.

Sikukivua. Sukari imeshuka, na daktari
ana haki yake, nampa.
Ila siku hizi nikiipita kona ya msikiti
nahesabu mwenyewe, kwa mdomo, kwa sauti ya Masindi,
na watoto wa jirani wananifuata wakidhani ni mchezo,
vifua mbele, kandambili zikipiga lami.
Kushoto, kulia, we mfupi wa nyuma, kulia!
Kile cha mkononi nacho kinahesabu kivyake, kimya kimya.

Tukifika nyumbani tunalinganisha.
Hatujapatana hata siku moja.