Kufuli Mbili

Saa tisa usiku, Capri Point.
Deusdedit wa zamu kanipigia: "Dada Nkwimba, seva imenyamaza."
Haijaanguka. Ingeanguka ingepiga kelele,
ingeacha maandishi. Hii inapumua:
feni zinazunguka, taa ya kijani inapepesa,
na pakiti za mawakala wote, wa Sengerema, wa Ukerewe,
zimepanga foleni mlangoni, hazifunguliwi.

Nikashuka hadi kwenye kiini, mstari kwa mstari,
visubi vya ziwani vikigonga kioo.
Nikazikuta nyuzi mbili.
Mmoja umeshika kufuli ya soketi, unaitaka ya jedwali la njia.
Wa pili umeshika ya jedwali, unaitaka ya soketi.

Mshika mawili, tulifunzwa, moja humponyoka.
Hakuna aliyetufunza habari za washika moja moja
wasioponyokwa na kitu.

Hapana ugomvi. Hapana kosa hata moja kwenye kumbukumbu.
Kila uzi una adabu, unangoja zamu yake,
na zamu yake imo mkononi mwa mwenzake.

Kilichozifikisha hapo ni kidogo:
pakiti moja ya kutoka nje, imekunjwa isivyo,
imeingia kati ya pumzi na pumzi.
Yeyote angeweza kuituma.

Kama yule jirani, msibani Kitangiri,
aliyeuliza tu, sahani ya wali mkononi,
"Kwani kati yenu mkubwa ni nani?"
Tangu hapo Shija ana ufunguo wa nyumba ya mama,
mimi nina hati.
Miaka sita. Mabati yameota kutu, mpapai umeingia dirishani.
Tunasalimiana vizuri sana.

Dawa yake ilikuwa fupi hadi aibu:
nyuzi zote zianze na kufuli ileile,
usioipata ya kwanza usiguse ya pili.
Sikuongeza kitu. Nilipandisha mstari mmoja juu.
Saa kumi na mbili kasoro foleni ikafunguka;
Deusdedit akapiga kofi moja, akalala mezani.

Nikatoka. Ziwa lilikuwa na rangi ya sufuria,
kivuko cha Kamanga kikipiga honi ya kwanza.
Hati imo ndani ya mkoba huu wa kompyuta,
chini ya chaja, tangu Januari.
Nimekuwa nikisema ni kwa usalama.

Kitangiri ni kushoto, kwangu ni kulia.
Nikasimama pale, pikipiki ikiunguruma chini yangu,
mimi niliyetoka kuifundisha mashine,
sijui kufuli ya kwanza ni ipi.