Roshani ya Jikoni

Harm amebandika utepe mweupe wa gundi
kwenye sakafu ya jiko letu, hapa Bremerhaven:
mita mbili na robo kwa moja na nusu kasoro.
"Ndiyo hii," asema, "ya sitaha ya saba."
Tumebeba viti viwili vya mezani,
tumeviweka ndani ya mstari,
na kijimeza cha redio katikati.
Magoti yetu yamegusana.
Tangu lini?

Mimi ndiye niliyeuanza wazimu huu.
Brosha nimeisoma kama mkataba wa nyumba,
herufi ndogo kwanza.
Nyota kando ya namba ya chumba maana yake
boti ya uokozi inaning'inia mbele ya macho yako,
tumbo lake la rangi ya chungwa
utakunywa nalo kahawa asubuhi tisa mfululizo.
Roshani ya omo ni pana, lakini upepo wa huko
hukunyang'anya kitambaa cha meza mkononi.
Ya tezi ina utulivu, na masizi ya dohani
juu ya taulo nyeupe.
Chini ya ukumbi wa chakula usikae:
viti huburutwa tangu alfajiri.
Kulia unaiona Norwei tukipanda kaskazini,
kushoto unaiona tukirudi.
"Basi chagua," namwambia. "Kwenda, au kurudi?"

Hajibu. Anakuna shavu kwa kucha
ambazo miaka tisa ya pensheni
haijazitoa mafuta ya mashine.

Husemwa: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Harm hakwenda kokote, alianzia huko huko,
miaka thelathini na mmoja chini ya usawa wa maji,
baina ya mabomba, nta masikioni.
Ameivuka Atlantiki mara mia na ushei
asiione.
Kadi za posta alizoniletea
alizinunua kwa mpishi.
Nikimuuliza, Santos palikuwaje?
hunijibu: nyuzi arobaini na nane,
pampu ya tatu ilivuja.

Na leo anataka chumba cha ndani.
Sitaha ya pili, katikati, kisicho na dirisha.
"Meli haiyumbi hapo, Wiebke. Bei nusu.
Tena nitaisikia."
Mashine, ndiyo anayosema.
Usiku wa kwanza wa pensheni
nilimkuta ameketi kitandani saa tisa,
kimya kimemwamsha.

Sikubishana. Nilifungua dirisha la jiko.
Upepo wa Weser uliingia na harufu ya samaki wa moshi,
ukafunua kurasa, ukazifunga.
Tukakaa.
Jokofu likaanza kunguruma nyuma yetu
na Harm akainua kichwa,
akanyoosha miguu taratibu
mpaka vidole vya soksi vikauvuka utepe.

"Haitoshi," akasema. "Kiti cha kujilaza hakiingii.
Hicho cha pembeni, elfu saba mia moja na kumi na mbili,
kina roshani kubwa zaidi."
"Kina nyota."
"Najua kina nyota."
Akavaa miwani, akaisogeza picha karibu na pua.
"Injini ya boti hiyo ni dizeli, silinda tatu.
Nisingechukia kuitazama mchana,
nje, kwenye mwanga."

Nikapiga simu kabla hajageuza nia.

Jioni Bi Tjarks wa ghorofa ya juu
alikuja kunirudishia bati la keki.
Aliingia akiongea, kama kawaida yake,
mambo ya lifti na takataka za jirani,
akapita baina ya viti vyetu
na kuinua mguu wake
kuuvuka utepe kuelekea jokofu.
Harm aliruka kitini, akamdaka mkono.

Bi Tjarks alitazama chini.
Vigae tu.
Nami pia nilikuwa nimemshika aproni.