Kohoa

Ngiri ni ya wapakuzi wa saruji kule bandarini,
aliniambia Chirhuza, kipa wetu.
Wewe winga, kilo sitini na mbili, umebeba nini?

Nilikuwa nimebeba msimu mzima.
Kinena cha kushoto, chini kidogo ya mkanda,
kitu kama msumari usio na kichwa.
Nikikimbia moja kwa moja, kimya.
Nikigeuka, nikipiga krosi, nikipiga chafya,
nikibadili ubavu kitandani, kilikuwepo.
Na Kadutu hakuna njia iendayo moja kwa moja.

Kocha Mushagalusha: Pasha mwili moto, kitatulia.
Kikatulia kweli, hadi dakika ya ishirini.
Nikajifunza kukohoa kwa siri,
mkono mfukoni, kidole kimeshikilia pale,
kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo.
Mama akadhani ninaficha pesa.

Daktari Nabintu alikuwa na mikono ya baridi.
Niliomba mwanamume. Yuko Uvira, akasema, lala chali.
Bana ngumi yangu kwa magoti. Inua mabega.
Akabonyeza kando ya mfupa.
“Kohoa.”
Nikaguna kidogo, kwa adabu.
“Hiyo ni ya kanisani. Kohoa.”

Nikakohoa, dari likashuka.

Hakuna kinundu, alisema, utumbo haujatoka,
ndiyo maana kila aliyekutazama hakuona.
Wanaiita ngiri ya wachezaji; jina limekosea njia.
Tumbo linavuta juu, paja linavuta chini,
na pale yanapokutana nyama imechanika polepole:
shuka moja, walalaji wawili.

Wiki nane bila mpira.
Hapana, nasema uongo: mpira ulikuwepo,
katikati ya magoti yangu, nikiubana,
nikihesabu hadi kumi, nikiuachia,
na Bisimwa, aliyefunga ukanda wa tairi mlangoni,
akirudia, Si paja peke yake. Tumbo nalo. Nyonga nazo.
Wiki ya tisa nikapiga krosi moja.
Msumari ukaitika.

Basi wakanishona.
Kovu ni fupi kuliko nilivyoahidiwa na woga.
Siku ya kwanza, hadi chooni.
Siku ya kumi na mbili, ngazi za kwetu:
mama mwenye gunia la makaa akanipita, akanipa pole.
Kisha kutembea tambarare, kisha mbio za kivivu,
kugeuka mwisho kabisa,
Bisimwa akikuweka kugeuka kama akiba ya karo.
Jezi namba saba ameivaa Akonkwa.
Anakimbia vizuri. Namwombea mema
siku tatu kwa wiki.

Jana usiku, sombe, pilipili ikanipalia.
Nikakohoa, mkono wa kulia una bugali,
wa kushoto uko mezani, haukukumbuka kwenda.
Mama akaacha kutafuna.
Wadogo zangu wakanitazama kinena, si uso.
Tukangoja wote. Mvua ilikuwa juu ya bati.

Pilipili tu, nikasema,
nikakohoa tena, bila sababu.