Kabla ya Farasi

Saa nane usiku, Łódź. Theluji imeng'ang'ania dirisha.
Bogna amevaa deraya ya karne ya kumi na saba
na soksi jozi mbili.

Mji wa chumvi una nyumba arobaini
na ngazi moja, ileile, imenakiliwa.
Walinzi wote pacha. Midomo yao
huyatangulia maneno, au huchelewa,
kama mgeni anayeitikia dua asiyoijua.
Upanga unapita katikati ya joka
wala haulichubui.
Pesa ziliisha kabla ya farasi,
kwa hiyo hata mfalme hutembea.

Lakini mjane wa mchimba chumvi
anaukumbuka uongo aliodanganywa juzi.
Amekataa kufungua.

Bogna anabisha. Anabisha tena.
Tramu ya kwanza inapita huko chini,
naye bado anachagua maneno
ya kuombea radhi.