Usinong'one, Nakijwa

Usinong'one, Nakijwa.
Kunong'ona ni kelele iliyovua viatu,
nyuzi za koo zinasuguana vilevile.
Chukua chaki. Ukitaka maji, andika "maji".
Ukitaka kulia, lia kwa macho peke yake.

Jumamosi saa tatu ni mchujo,
na wewe juzi, uwanjani Majengo,
umeishangilia timu mpaka dakika za nyongeza
kana kwamba goli lingetokea kooni mwako.
Tulifungwa mbili bila.
Sauti yako imebaki kule nyasini.
Sikugombezi. Sina sauti ya kugombeza.

Wengine, laleni chali mkekani.
Atlasi tumboni. Vuta pumzi, Afrika ipande.
Achia, Afrika ishuke, polepole, bila kishindo.
Senzota, legeza taya, hakuna anayekupiga picha ya pasipoti.
Manase, atlasi yako imelala usingizi.
Unahema kwa mabega,
na mabega hayana mapafu.

Sasa mirija. Ichovye ndani ya chupa, imba "u"
mpaka maji yachemke bila moto.
Mnaliita zoezi la vyura, nimewasikia.
Sawa. Chura wa Mabogini huimba kwenye mpunga usiku kucha
na asubuhi hakohoi.

Anaeli ameleta tangawizi ya bibi yake kwenye chupa ya chai.
"Mwalimu, inasafisha koo."
Inywe, mwanangu, ina joto na ina upendo,
ila ijue njia yake: inafuata ugali,
na ikipita, mlango wa sauti umefungwa.
Kinachofika kule ni mvuke, usingizi,
na maji uliyokunywa jana.

Mimi nilifundisha miaka kumi na minne chini ya bati.
Masika ikishuka, wanafunzi themanini na saba mbele yangu,
nilishindana na mvua.
Mvua haijawahi kushindwa Moshi.
Daktari alipitisha kamera puani, akanigeuzia kioo:
vinundu viwili vinatazamana,
vidogo kama punje za ulezi.
"Hivi," akasema, "umevipanda mwenyewe."
Tangu hapo "sol" yangu ya juu hutoka hewa tupu,
kama bomba la mtaani siku ya mgao.
Ndiyo maana nagonga uma wa sauti gotini,
nausimika juu ya dawati, mbao zinaimba badala yangu.

Alhamisi, vumbi la kiwanda cha kahawa likiwa dirishani,
tulirudia ubeti wa pili mara tisa.
Kuna mtu alikuwa akituteremsha.
Wiki mbili nimemtafuta, simpati.
Nakijwa akainuka, akaandika ubaoni:
"Sauti ya tatu. Mstari wa nne. Manase."
Darasa likacheka. Manase akatazama viatu.

Baada ya kipindi nilimweka pembeni.
Miezi miwili sauti yake inakatika, naye anaibana,
anaogopa kupoteza kiti karibu na Senzota.
Nikamwambia, hiki si chungu kilichopasuka.
Ni jino linaota. Usilisukume kwa ulimi.
Imba pale panapokubali, hata kama ni noti tano.
Akauliza, "Na zikiwa nne?"
Nikasema, basi nne.

Jumamosi. Baridi ya Julai, mlima umejifunika.
Ndani, waamuzi watatu, kinanda, chupa ya chai
ambayo hakuna aliyewakaribisha vijana.
Manase ameingia, ametoka, hasemi kitu,
anatafuta maji.
Senzota ameimba haraka kama anayedaiwa.

Zamu ya Nakijwa.
Tangu Jumatano hajatoa neno,
ila jana jioni, mrija, chupa, viputo vichache.
Hata mimi sijui kilichobaki humo.
Amenipa chaki yake niishike.
Mlango umefungwa.
Kinanda kimempa noti yake. Kimya.

Nami hapa nje, ukutani,
najikuta nimepandisha mabega.