Jicho Likikaa

Miaka ishirini na mitatu nilichora herufi Kirinyaga Road:
SPEA ZA ISUZU. TUNAKUNJA BATI. USIKOJOE HAPA, FAINI.
Bila rula, bila chaki,
nikipitisha tumbo la B kwa pumzi moja.
Wateja walisema: Munyoki, mkono wako hauna mfupa.
Sasa ni kweli.
Umelala pajani kama glavu aliyoisahau fundi.

Chelagat wa hospitali alileta kamera nyembamba kama kitana,
akaibandika chini ya kioo cha kompyuta, akasema:
Fuata nukta. Juu. Chini. Kona ya kushoto.
Usitikise kichwa,
kana kwamba ningeweza.
Nukta nayo ikaanza kunifuata, tukafuatana
kama mtu na mbwa wasiojua nani mwenye boma.

Kufumba na kufumbua, watu husema, wakimaanisha upesi.
Kwangu ni herufi moja.
Jicho likikaa kidogo tu juu ya M,
M imeshaandikwa, utake usitake.
Jana nzi alitua kiooni.
Nilimfuata bila kukusudia, naye akaandika
kkkllllooop
Mumo akacheka mpaka akakaa sakafuni,
nami nikacheka
mahali ambapo hakuna anayeona.

Mashine hubahatisha. Nikianza na NI
inanipangia pembeni: nisaidie, ninaumwa, niko tayari.
Tayari kwa lipi?
Nilitaka: niletee ile chapati ya jana, iliyoungua ukingo.
Nikaiokota herufi kwa herufi, mchele mchangani,
jasho likinitoka kama niliyepanda ngazi na gunia,
na stima ya Jericho yote ikapotea
nikiwa kwenye iliyoung

Basi nikakaa gizani na iliyoung yangu.
Redio ya jirani kimya. Mtu akapiga mbinja uani.
Syombua akaja na simu ameiuma kwa meno, tochi ikiwaka,
apate mikono miwili ya kuniinua mtoni,
na nikamtazama.
Nilimtazama vile ambavyo siku nzima sikuthubutu kutazama kitu:
kovu la mafuta ya mandazi, pengo,
nywele mbili nyeupe anazodhani amezificha.
Jicho likakaa lilipotaka kukaa,
wala hakuna kilichoandikwa.

Macho hayana pazia, tunasema.
Hatusemi yanavyochoka yakifanywa vidole.

Stima iliporudi, kioo kikauliza: Tuendelee?
Ile iliyoung ilikuwa bado inaningoja.
Nikaifuta.
Nikaanza upya na herufi iliyonisumbua tangu uanagenzi,
S, yenye viuno viwili,
ile ambayo kila mchoraji wa mabango
huipima kwanza kwa jicho, muda mrefu,
kabla hajainua brashi.